Jumamosi, Kabla ya Dari

Miaka minne nimesema: nyumba ikiisha, nitawaita.
Ikiisha lipu. Ikiisha rangi. Likifungwa dari.
Miaka minne sahani sita za mama, zenye maua ya bluu,
zimekaa kabatini zikingoja wageni wa maana,
nami nala kwenye bakuli la plastiki, nimesimama.

Jumatano nikatuma ujumbe: Njooni Jumamosi, Nkuhungu,
nyumba ya matofali matupu, geti la bati.
Msivae vizuri. Vumbi la huku halina adabu.

Alitangulia fundi Chibago.
Mimi namdai mlango, yeye ananidai laki moja na themanini.
Tukatazamana.
"Mbukwenyi," akasema.
"Mbukwa," nikajibu, na deni likabaki nje
pamoja na kandambili zake.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Sospeter nilimpa kisu na vitunguu dakika ya tatu,
akakata huku analia,
akasimulia uhamisho wake kutoka Kibondo
hata tukashindwa kujua machozi yapi ni ya nini.

Mwantumu alikuja mji huu na wizara,
kama kabati la mafaili, bila kuulizwa.
Hajaupenda. Upepo unamkausha midomo,
na bahari, anasema, hata harufu yake hakuna.
Alibeba achari ya mbilimbi kwenye chupa ya jemu
kwa kuwa hamwamini mtu wa bara kwenye pilipili.

Jogoo alikuwa mbishi.
Saa mbili na nusu bado amekaza misuli sufuriani,
na binamu yangu Damari ameshusha ndoo ya zabibu
kutoka Mpunguzi, zingali na mavumbi ya shamba.
Basi tukaanza na matunda,
kama watu wanaosoma barua kuanzia kwenye sahihi.

Nilikuwa nimepanga nani akae wapi.
Nilikuwa na karatasi, jamani, nimeichora.
Viti vitano, watu kumi na mmoja;
karatasi nikawashia mkaa.
Waliokaa kwenye ndoo walikaa kwenye ndoo,
waliokaa mkekani wakavua soksi,
na Zakayo wa jirani akazunguka na jagi na beseni,
akimimina maji ya mgao kwa uchoyo wa mtu mzima.

Ugali wa uwele, mlenda, karanga za kuponda,
jogoo hatimaye, aliyekubali yaishe.
Wawili wawili sahani moja.
Mwantumu alichovya mlenda, ukamfuata mpaka kidevuni
kama uzi wa fundi cherehani.
Akaupigania. Tukamshangilia.
Akarudia.

Nyumba isiyo na dari haina siri:
upepo wa Juni unapita juu ya kuta,
na maneno pia. Sospeter aliyeko jikoni
akajibu swali la mtu wa sebuleni,
Damari akacheka chumbani, akimbembeleza mtoto,
kicheko kikapanda kwenye mbao za paa
kikatuangukia sote.
Nikatazama juu. Mabati, misumari, giza kidogo.
Sikuona kilichopungua.

Sahani moja ilivunjika.
Zakayo akasimama na vipande, macho yanauliza.
Nilimsikia mama akivuta pumzi, huko aliko.
Kisha nikasikia mdomo wangu: "Leta nyingine."

Saa tano usiku Chibago akitafuta kandambili
alisema Jumatatu atakuja na bodi za dari.
Nikamwambia aanze na chumba cha kulala.
Sebule ingoje.

Asubuhi, chini ya kochi, fagio limetoa ua moja la bluu,
dogo, zima.
Na simu ina ujumbe wa Mwantumu, wa alfajiri:
Ule mlenda, magadi uliweka kiasi gani?
Nikamjibu: Mkono wangu haujui kipimo.
Njoo Jumamosi uone mwenyewe.
Mbilimbi usisahau.